Aya Niliyoipenda Kupita Kiasi

Ripoti zangu zote niliziandika kwa Kiarabu na Kiingereza. Haya nnayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya kazini nililifanya kwa Kiswahili. Nnawaandikia nyinyi wajukuu zetu mliosoma uchumi na takwimu, mnaoingia sasa katika maofisi ya Al Khuwair, hapa Maskati, na kadi zenu shingoni, mkidhani utafiti ni kukaa mbele ya kompyuta. Mjukuu wangu Salma ni mmoja wenu. Yeye ndiye aliyeniomba: "Bibi, tuandikie namna ya kufanya." Nikakaa kuandika namna ya kufanya, nikajikuta nnaandika namna nilivyokosea. Chukueni hivyo hivyo.

Mimi nilizaliwa Unguja, nikaletwa Maskati bado msichana wa skuli. Nyumbani kwetu Azaiba mpaka leo tunasalimiana kwa Kiarabu na kugombana kwa Kiswahili. Nilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kituo cha utafiti ambacho sitakitaja. Kazi yetu ilikuwa kupita majumbani, kuuliza watu wanaishi vipi, kisha kuandika ripoti ili wanaopanga mambo ya nchi wasipange kwa kubahatisha. Ukiisikia hivyo ni kazi nyepesi. Kuuliza tu.

Fomu yangu ya kwanza kabisa ilitoka mbali. Nchi kadhaa za Asia zilitaka kulinganisha maisha ya watu wao, wataalamu wakatunga fomu moja itumike kote. Nikapelekwa nayo kijiji cha milimani, ambako maji yanapita kwenye mfereji mwembamba na kila familia ina zamu yake ya kuyafungulia. Nikakaa mbele ya mzee mmoja, nikamsomea swali kama lilivyo: una nyati wangapi wa kulimia mpunga? Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akaniuliza huyo nyati anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikamwambia, kwa nilivyosikia, mengi. Akasema, "Basi andika hatuna. Na msituletee."

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Lakini mwezi uliofuata, nilipoona jedwali, kicheko kiliniishia. Yule mzee alikuwa na shamba zima la mitende, na katika jedwali letu alionekana hana kitu, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa mtende. Kijiji kizima kilionekana fukara. Mtu aliyekaa ofisini angeweza kuwapangia msaada wasiouhitaji, na maji waliyoyahitaji asiyajue kamwe.

Aliyenifundisha kuyaona hayo alikuwa Daktari Padma, mtaalamu kutoka Sri Lanka aliyekuja kwetu kwa mkataba, nao ukawa unaongezwa mwaka hadi mwaka. Alikuwa mfupi, nywele kazisuka msuko mmoja mpaka kiunoni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amepita vijiji na mitaa ya nchi nyingi za Asia, na popote alipopita alikuwa ameona mipango mizuri ikianguka kwa sababu ya swali baya. Sisi vijana wa ofisi tulimwogopa kidogo. Baadaye tukampenda, na kumwogopa hatukuacha.

Alinifundisha mambo madogo madogo. Ukifika mlangoni, hesabu viatu kabla hujauliza idadi ya watu, maana viatu vinatoa jibu kabla mwenye nyumba hajalipanga. Ukikaribishwa kahawa, kunywa, na usikitikise kikombe mapema. Kutikisa kikombe ni kusema nimetosheka, na mwenyeji akiona una haraka atakupa majibu ya haraka. Andika maneno ya mtu kama alivyoyasema, hata kama hayana maana kwako siku ile. Swali zito usiliweke mwisho, mtu akiwa keshachoka na anatazama mlango.

Siku hizo tulitumia karatasi. Maboksi ya fomu yalikaa nyuma ya gari mpaka gundi inayeyuka kwa joto. Kisha zikaja tableti, nazo zikawa zinazimika juani, tukawa tunazitia kwenye boksi la barafu pamoja na maji ya kunywa. Tableti ni nzuri, sikatai, zinatuokolea miezi. Lakini karatasi ilikuwa na pambizo. Mtu akikwambia jambo lisilokuwa na mahali pake kwenye fomu, unaliandika pembeni kwa penseli. Tableti haina pembeni. Haya, sasa nifike kwenye nilichokusudia.

Miaka yangu ya mwisho mwisho kazini, kituo chetu kilipewa utafiti mkubwa kuhusu wanawake na kazi. Swali lilikuwa lile linalozisumbua nchi nyingi za Asia: wasichana wanasoma mpaka chuo kikuu, wanaajiriwa, halafu baada ya watoto wawili watatu wanaacha kazi. Nani anabaki na watoto? Nani anauguza wazee? Katika mji kama wetu, jibu la nusu ya nyumba ni msichana aliyetoka mbali, Uganda, Sri Lanka, Ufilipino, anayelala chumba cha nyuma. Tulitaka kupendekeza vituo vya kulelea watoto karibu na makazini na wauguzi wa kuwatembelea wazee majumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa utafiti huo. Fomu niliitunga mwenyewe.

Katika fomu kulikuwa na swali: mfanyakazi wa nyumbani anafanya kazi masaa mangapi kwa siku? Majibu yalipokuja, nilifurahi kwa jinsi yalivyokuwa safi. Manane. Manane. Manane. Mtaa wa Mabela manane, Azaiba manane. Nikayapeleka kwa Daktari Padma. Akateremsha miwani.

"Sijapata kuona mji mzima unaoamka na kulala pamoja," alisema. "Nani aliyejibu swali hili?"

Nikamwambia mkuu wa kaya.

"Na anayefanya kazi ni nani?"

Kosa la kitoto, na nilikuwa na nywele nyeupe tayari. Tukakubaliana nirudi katika nyumba chache, safari hii niwaulize wafanyakazi wenyewe.

Kabla sijaendelea, jueni hili. Majina nnayoyatumia si yao. Nitasema Mabela, na huenda si Mabela. Idadi ya watoto nimeibadilisha, na kile nitakachosema alikuwa akikifanya mwenye nyumba ndani ya gari lake sicho hasa alichokuwa akikifanya. Nimeweka kingine chenye uzito ule ule. Mtanielewa mbele kwa nini.

Mwenye nyumba nitamwita Thurayya. Alikuwa mwalimu wa skuli ya sekondari, umri wa miaka thelathini na kitu. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta jangwani, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Walikuwa na watoto pacha wadogo, na mama yake mume alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili, hawezi kujigeuza. Thurayya alinipokea vizuri sana. Aliniita Khala, kama mtu anavyomwita ndugu wa mama yake, akanikalisha penye ubaridi, akaagiza kahawa. Nilipomweleza kuwa nataka kumuuliza mfanyakazi maswali machache, hakuona taabu. Alitaka tu kuwepo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwomba atoke kwenye sebule yake mwenyewe.

Msichana aliyeleta kahawa alikuwa mrefu, kavaa gauni refu la nyumbani na kitambaa kichwani, mikono yake imekauka kwa sabuni. Nilimsikia akimnong'oneza mtoto mmoja wa pacha, na neno alilolitumia lilikuwa "polepole." Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Unatoka wapi, mwanangu?"

Alisimama. Akaweka sinia chini. Akasema Uganda, lakini alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka miwili, ndiko alikojifunzia Kiswahili. Jina lake Harriet. Thurayya alicheka kwa furaha kutusikia; watu wake ni wa bara ya Oman, hajui hata neno moja la Kiswahili. Aliona kama amempatia mgeni zawadi.

Nikamsomea Harriet swali la kwanza. Yeye aliinamisha macho, uso haukubadilika hata kidogo, akasema, "Mama, nikuambie ukweli ama nikuambie ile ya fomu?"

Nikamwambia ukweli.

Akanambia, kwa sauti ile ile ya mtu anayesimulia mambo ya sokoni, na kichwa akikiinamisha mara moja moja kwa heshima kumwelekea madamu wake. Alilala chini, kando ya kitanda cha mama mzee, kwa sababu mzee alihitaji kugeuzwa asifanye vidonda, na kila akigeuzwa Harriet aliamka. Saa kumi ya alfajiri alikuwa jikoni. Siku ya kupumzika hakuwa nayo. Kanisani hajaingia tangu afike. Nilimuuliza kama anatendewa vibaya, akatikisa kichwa.

"Huyu mama mzee hana makosa," alisema. "Ananiita jina ya binti yake alikufa. Mimi naitika tu. Na madamu naye anachoka. Akirudi kutoka shule anakaa kwanza kwa gari, analia, anapanguza uso, ndiyo anaingia. Mimi namwonaga kwa dirisha. Sijawahi kumwambia."

Thurayya akaniuliza kwa Kiarabu, akitabasamu, anasema nini. Nikamwambia anasema hajambo, anamshukuru Mungu. Yeye akafurahi, akanijazia kikombe.

Hiyo ilikuwa khiyana yangu ya kwanza, na sikuihesabu kuwa khiyana. Niliihesabu kuwa ujanja wa kazi. Nilipoondoka nilimpa Harriet kadi yangu, nikamwambia akipata shida anitafute, na maneno yake hayatamfikia mtu yeyote. Nilimwambia hivyo hivyo: mtu yeyote.

Niliporudi ofisini niliandika aya moja. Katika ripoti zetu huwa tunaweka kisanduku katikati ya majedwali, hadithi fupi ya nyumba moja, ili msomaji asisahau kuwa takwimu ni watu. Niliandika habari za mwalimu wa Mabela mwenye pacha, mama mkwe aliyelala kitandani, na msichana wa Uganda anayelala chini kando yake. Niliandika mwalimu analia garini, na msichana anamtazama dirishani, na hakuna anayemwambia mwenzake neno. Wanawake wawili waliochoka ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenziwe. Nakwambieni, ilikuwa aya nzuri. Niliisoma mara nyingi peke yangu. Katika miaka yote ya kuandika "asilimia" na "kwa hiyo inapendekezwa," sikuwahi kuandika kitu kilichonipendeza namna ile.

Nikampelekea Daktari Padma. Mkataba wake wa mwisho ulikuwa unakwisha, mabuku yake yako ndani ya maboksi. Akaisoma kwa makini, akachukua penseli, akazungushia maneno matano: Mabela, mwalimu, pacha, mama mkwe, gari.

"Kila moja peke yake si kitu," alisema. "Ukiyaweka pamoja umeandika anwani."

Akanishauri nichanganye nyumba tatu kuwa moja, niondoe mtaa, niondoe kazi ya mwenye nyumba, na la gari nilifute kabisa. Nikambishia. Nilimwambia wakubwa hawasomi majedwali. Watasoma hiki, na kikipoteza uhai hakuna atakayetikisika. Nilimwambia majina hayamo. Nilimwambia Mabela ni kubwa, nyumba mpya kila siku, nani atajua?

Akaweka penseli chini. "Umeipenda sana aya hii," alisema. "Mtu akipenda sana alichokiandika, hamwoni tena aliyemwandika." Kisha akasema ripoti ni yangu na uamuzi ni wangu, akarudi kwenye maboksi yake. Wiki ile ile alisafiri.

Sikubadilisha hata neno.

Siku ya kuwasilisha rasimu, ukumbi ulijaa watu kutoka idara mbali mbali. Nilipofika kwenye kisanduku niliamua kukisoma kwa sauti, kwa Kiarabu, polepole. Mama mmoja mbele alifuta macho kwa ncha ya shela yake. Nikaona nimeshinda. Niliona pia mtu mmoja safu ya pili, kilemba chake kimefungwa vizuri, akiweka kalamu yake juu ya meza na kutoiinua tena. Nilidhani ameguswa kama wengine. Kumbe alikuwa ndugu wa mume wa Thurayya. Mama aliyelala kitandani katika aya yangu alikuwa mama yake mzazi.

Siku ya tano baada ya hapo nilikuwa kikaoni, simu nimeizima sauti. Nilipotoka nikakuta ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi mno, nnaujua kwa moyo.

"Mama, salama. Ni Harriet. Wananirudisha Uganda leo. Wanasema nimetoa maneno ya nyumba nje. Mimi sijaambia mtu, ni wewe peke yako. Mama mzee analia. Kama unaweza kuongea na madamu, ongea."

Niliipigia simu namba yake, imezimwa. Niliendesha gari mpaka uwanja wa ndege, nikasimama chini ya ubao wa safari kama mtu aliyekuja kupokea wageni. Nikauliza huku na huku. Hakuna aliyeweza kunisaidia, na kusema kweli sikujua hata ningemwambia nini. Alikuwa keshapita ndani, au keshaondoka. Sikumwona.

Kutoka pale nikaenda Mabela. Thurayya alinifungulia mwenyewe. Hakunifukuza, na natamani angenifukuza. Alinikalisha pale pale nilipokaa mwanzo, yeye akabaki amesimama. Nilianza kusema kuwa Harriet hana kosa, kwamba mimi ndiye niliyemuuliza. Akaniacha nimalize.

"Umekaa kwangu, Khala," alisema. "Umekunywa kahawa yangu. Nikakuuliza anasema nini, ukanambia hajambo. Ungenambia mimi. Ningesikia."

Akageuka kutazama nje, penye gari lake.

"Hata gari langu uliliandika. Pale ndipo mahali pangu pekee. Sasa shemegi yangu anapajua, na mume wangu anapajua, na ofisi yenu nzima."

Akanieleza kuwa si yeye aliyeamua Harriet arudishwe. Mumewe alirudi kutoka jangwani na hasira, akasema hawezi kukaa na mtu anayetangaza siri za mama yake. Thurayya alijaribu kusema neno, ikaonekana anajitetea mwenyewe. Kutoka chumba cha ndani nilimsikia bibi kizee akiita jina. Halikuwa Harriet, lilikuwa jina la binti aliyekufa. Thurayya akaenda kumgeuza, na mimi nikatoka bila kuaga.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Lalamiko lilifika ofisini kwetu. Mkurugenzi aliniita, akanieleza kwa upole kwamba sehemu yote ya mahojiano na wafanyakazi itaondolewa. Si kisanduku tu. Yatabaki majibu ya wakuu wa kaya. Nikamwambia majibu yale ni ya uongo, tunajua ni ya uongo. Akanambia anajua. Lakini nikishikilia, ripoti nzima itawekwa kabatini, na vituo vya watoto na wauguzi wa wazee vitakwenda nayo. Akanipa mpaka kesho.

Nilifikiri kuhusu wanawake wote wanaorudi nyumbani wamechoka. Nilifikiri kwamba Harriet keshaondoka, na maneno yake yakibaki au yakitoka hayatamrudisha. Asubuhi nikakubali. Mpaka leo sijui kama nilikubali kwa ajili ya wale wanawake au kwa ajili ya kutaka jambo liishe. Ripoti ikatoka na jalada zuri. Baadhi ya mapendekezo yalifuatwa, na vituo viwili vitatu vya watoto vilifunguliwa makazini. Katika jedwali la kurasa za kati, wasichana wote wa kazi wa Maskati wakafanya kazi masaa manane.

Thurayya aliacha ualimu kabla ya mwaka kwisha. Mfanyakazi mwingine aliyekuja hakumweza bibi kizee, na mtu wa kubaki naye hakupatikana. Niliyasikia hayo kwa mwalimu mwenziwe. Ripoti iliyoandikwa ili wanawake wabaki makazini ilimtoa mmoja kazini, na jina lake nnalijua.

Harriet nilimpata baada ya miezi mingi. Ile namba yake ya zamani siku moja iliwaka tena mtandaoni, kwenye simu yangu, na picha mpya, amesimama mbele ya kibanda cha kushonea nguo. Nilikaa na simu mkononi asubuhi nzima kabla ya kumpigia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza khabari za mama mzee kwanza. Nikamwambia amefariki. Kisha akaniuliza kama ile ripoti ilitoka.

"Imetoka," nikasema.

"Na maneno yangu iko ndani?"

Ningeweza kumwambia yamo. Asingejua kamwe.

"Hayamo," nikasema. "Waliyatoa. Nami nilikubali yatolewe."

"Basi mimi nilirudi bure," alisema.

Nikamwomba radhi. Nilitaka kumweleza habari za mkurugenzi na kabati na vituo vya watoto, nikaona yote hayo ni maneno ya kunisaidia mimi. Nikamwomba radhi tu, mara ya pili. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza.

Baada ya simu ile nilimwandikia Daktari Padma, nikamweleza yote. Jibu lake lilikuwa fupi: hakunilaumu, hakunipoza, aliniuliza nitafanya nini sasa. Nilikuwa na miaka mitatu kabla ya kustaafu. Niliitumia yote kwa jambo moja.

Niliomba utafiti mpya, wa wafanyakazi wenyewe. Nilikataliwa, nikaomba tena, nikakataliwa tena. Mkurugenzi akabadilika, nikaomba kwa mpya. Nikakubaliwa kwa sharti kuwa uwe mdogo. Safari hii sikwenda mimi. Tuliwafundisha wanawake wanaojua lugha zao, wa Kiganda, wa Kisinhala, wa Kitagalogi, wawahoji wenzao siku ya Ijumaa, mbali na majumba yao, penye watu wengi, ambako wanawake wawili wanaozungumza si habari. Hatukuandika majina wala mitaa. Aliyesema hataki, tulimshukuru tukaondoka. Wapo waliosema hawataki, na wana haki. Waajiri nao tuliwahoji peke yao, na kwa heshima ile ile. Wengi walilia, si wafanyakazi tu.

Kulikuwa na kijana mmoja katika kundi letu, binti mwenye kalamu nzuri, aliyeniletea rasimu ya kisanduku. Kilikuwa kizuri kweli. Nilikisoma mara mbili, nikachukua penseli. Alinibishia kama nilivyobisha mimi, na maneno yale yale karibu. Nikafunga mlango wa ofisi, nikamsikilizisha ule ujumbe wa sauti. Ulipokwisha, aliichukua karatasi yake akaenda kuiandika upya.

Ripoti ile haikuzinduliwa kwa sherehe. Iliwekwa mezani kwa watu wachache, ikasomwa. Sitawaambia kuwa ilibadilisha mambo, maana mambo ya namna hii yanakwenda taratibu, na wengine wanaendelea kuyasukuma. Ila masaa yaliyoandikwa mle ni ya kweli, na waliosoma hawawezi tena kusema hawakujua.

Wiki niliyostaafu nilimpigia Harriet kumwambia. Kwake ilikuwa mvua, nikaisikia ikipiga bati na cherehani ikienda nyuma yake. Nikamweleza kuwa safari hii wameulizwa wafanyakazi wenyewe, na kwamba kuna mahali palipoandikwa habari za wanaolala kando ya wazee na kuwageuza. Cherehani ikanyamaza.

"Na mimi niko wapi hapo ndani?" akauliza.

"Umo ndani ya maneno ya wenzako," nikamwambia, "lakini huonekani. Hata mimi nikisoma, siwezi kukujua."

Alifikiri.

"Hapo sawa, mama," akasema. "Na wale wengine pia wasionekane." Kisha akaniambia kuna mteja amefika, na cherehani ikaanza tena.